Bastola na Risasi za Kujilinda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu wanaotaka kumiliki bastola kihalali, wengi wao wakiwa hawajawahi hata kuishika. Tumeanza na mambo ya msingi. Ukisoma kwa haraka, usiruke sehemu ya kwanza wala ile ya utunzaji, kwa sababu makosa ya huko ndiyo yanayoua watu wa nyumbani.

## Kabla ya kununua

Je, nahitaji bastola kweli?

Fikiria kwanza hatari inayokukabili, silaha ije baadaye. Kama hofu yako ni wezi wa usiku, basi mlango imara, komeo la ndani, taa za nje, mbwa na simu yenye chaji vitakufaa mara nyingi zaidi kuliko bastola, na havihitaji leseni. Bastola ina kazi moja tu: kumzuia mtu aliye karibu kukuua au kukujeruhi vibaya wakati huwezi kukimbia, kujifungia wala kupata msaada. Si ya kutishia watu, si ya kumaliza ugomvi.

Zipo nyumba ambazo jibu langu kwao ni hapana, bila kusitasita. Nyumba yenye mtu anayeugua sonona au aliyewahi kujaribu kujiua. Nyumba yenye mlevi. Ndoa yenye vipigo. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kuwa silaha ikiwepo nyumbani, hatari ya mtu wa humo kujiua huongezeka sana. Wazo la kujiua huweza kumjia mtu na kumwondoka ndani ya muda mfupi, lakini aliyejipiga risasi ni nadra kupona. Hali ya nyumba ikibadilika, suala la kununua litazungumzwa upya.

Sheria inaruhusu nini?

Inategemea nchi, na pengine hata jimbo. Nchini Japani raia wa kawaida haruhusiwi kuweka bastola ya kujilinda. Uingereza, Scotland na Wales zilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997. Ndani ya Marekani kwenyewe sheria hazifanani: California inaweka kikomo cha risasi 10 kwa magazini (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini), na New Jersey inabana ubebaji wa risasi zenye tundu kichwani nje ya nyumba, ingawa majimbo mengi yanaziruhusu.

Kwa hiyo, kabla hujalipa chochote, nenda kwa mamlaka inayotoa leseni uulize kaliba zinazoruhusiwa (kaliba ni upana wa risasi, unaotajwa kwa milimita kama 9mm au kwa sehemu ya inchi kama .38), aina na idadi ya risasi unazoweza kuweka, namna silaha inavyotakiwa kuhifadhiwa, na kama leseni ya kumiliki inakupa pia haki ya kutembea nayo. Mara nyingi hizo ni ruhusa mbili tofauti. Uliza pia sheria inasemaje kuhusu kujitetea. Katika nchi nyingi, nguvu ya kuua hukubalika tu pale uhai unapokuwa hatarini wakati huohuo. Mwizi anayekimbia na televisheni yako hayumo.

Kanuni za usalama ni zipi?

Ni nne. Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi na mwalimu wa kulenga shabaha, ndiye aliyezipa mpangilio unaofundishwa hadi leo. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi. Usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe umeshalenga na umeamua kupiga. Jua unachokilenga, na ujue kilicho nyuma yake.

Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba zinashikana: mtu akivunja moja, nyingine bado humlinda. Ili mtu aumie kwa bahati mbaya, kwa kawaida lazima zivunjwe mbili kwa mpigo. Kama huzijui bila kusoma, hujafika wakati wa kuchagua bastola.

## Kuchagua bastola

Rivolva au bastola ya magazini?

Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ni rahisi kuielewa. Unafungua silinda unaona risasi zote kwa macho. Risasi moja ikigoma, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Haijali kama risasi ina nguvu au ni dhaifu, wala kama umeishika kwa ulegevu. Lakini ile ndogo ya kubeba huwa na risasi 5 tu, kuijaza upya huchukua muda, na kifyatulio chake ni kizito, takriban kilo 5, kiasi kwamba mgeni huivuta hadi mtutu wote unayumba.

Bastola ya magazini hubeba risasi nyingi zaidi. Glock 19, kwa mfano, iliyo ya ukubwa wa kati, ina magazini ya kawaida ya risasi 15. Kifyatulio chake ni chepesi, kama kilo 2 na nusu, na kujaza upya ni kubadili magazini tu. Nayo ina masharti: inataka kushikwa kwa mkono uliokaza, inataka risasi zinazoikubali, na inataka mmiliki anayejua kuikwamua ikikwama (tazama swali la bastola kukwama).

Kwa mtu atakayefanya mazoezi, napendekeza ya magazini. Anayejua wazi kuwa hatafanya mazoezi huwa anaambiwa achukue rivolva. Mimi namwambia aache zote mbili.

Ndogo ya mfukoni si ndiyo bora kwa anayeanza?

Hapana, na hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Mteja anayeanza, hasa mwanamke, huonyeshwa bastola ndogo kwa sababu inaonekana nyepesi na si ya kutisha. Kwenye uwanja wa shabaha mambo hugeuka. Risasi ni ileile, nguvu yake ni ileile, ila uzito wa kuimeza nguvu hiyo haupo. Bastola huruka mkononi, kiganja huuma, na anayeipiga huanza kufumba macho kabla ya mlio. Mpini mfupi hauachi nafasi ya kidole cha mwisho. Vilengeo vilivyo karibukaribu hufanya kosa dogo la mkono kuwa kosa kubwa kwenye shabaha.

Bastola ndogo sana ni chombo cha mtu mzoefu ambaye hana njia nyingine ya kuibeba. Kama yako itakaa nyumbani, sioni sababu ya kuchukua iliyo chini ya ukubwa wa kati. Mtutu wa sentimita 10 hivi, mpini unaojaa vidole vyote vitatu chini ya kifyatulio, na uzito wa gramu 600 au zaidi bila risasi: hapo ndipo watu wengi hupiga vizuri na hutaka kurudi mazoezini.

Nitajuaje kuwa inanifaa mkononi?

Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba magazini imetolewa na chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa, ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama. Shika mpini juu kabisa, kiasi kwamba ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada inabana chini ya mkia wa bastola. Mtutu na mfupa wa mkono wako, kuanzia kiwiko, viwe mstari mmoja.

Sasa, bila kupinda kifundo cha mkono, weka kidole cha shahada juu ya kifyatulio. Inayotakiwa kugusa ni ile nyama ya katikati ya pingili ya kwanza. Kikifika kwa ncha tu, bastola ni kubwa kwako na utaivutia pembeni kila unapofyatua. Kikipita hadi kwenye kiungo, ni ndogo mno. Bastola nyingi za sasa huja na migongo ya mpini ya kubadilisha, kwa hiyo omba zote uzijaribu kabla ya kukata tamaa.

Baada ya hapo, vuta slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma, mara kadhaa, tafuta kitufe cha kutoa magazini kwa dole gumba, na uliza kama uwanja wa shabaha unakodisha bastola kama hiyo. Kupiga risasi 50 kwa bastola ya kukodi kutakufundisha kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Siwezi kuvuta slaidi. Nifanyeje?

Mara nyingi tatizo ni mbinu. Usivute slaidi kwa ncha za vidole huku mikono imenyooka. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele salama, shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine. Nguvu za mabega ndizo zinazofanya kazi hapo.

Ikishindikana kabisa, kwa sababu ya baridi yabisi au umri, tafuta bastola ya kaliba ya .380 iliyotengenezwa na springi laini. Rivolva hailazimiki kuwa jibu: slaidi haina, lakini kile kifyatulio cha kilo 5 nacho kinamngoja mtu yuleyule mwenye vidole vinavyouma.

Ni lazima iwe na kizuizi cha usalama cha kubonyeza?

Si lazima. Bastola nyingi za polisi duniani hazina, na usalama wake unategemea vizuizi vya ndani pamoja na nidhamu ya kidole. Ukichagua yenye kizuizi, kila zoezi unalofanya lazima lihusishe kukiondoa, mpaka dole gumba lifanye lenyewe. Aliyeizoea isiyo nacho, akabadili bila mazoezi, anaweza kujikuta anavuta kifyatulio kisichoitika.

Bastola iliyotumika ni salama?

Ndiyo, ikiwa karatasi zake ni halali na fundi wa bunduki ameikagua. Mwambie aangalie mtutu kama umevimba au una kutu ndani, na springi kama zimechoka. Epuka kabisa bastola za mlio au za gesi zilizochongwa zipige risasi halisi. Hupasuka mkononi, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

## Kaliba na risasi

Kaliba ipi inamwangusha mtu zaidi?

Swali hili lina historia iliyolipiwa kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, Marekani, maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya nchi hiyo, walipambana na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi hao alipigwa mapema risasi ya 9mm iliyopita mkono ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Aliendelea kupigana. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa.

FBI wakaanza kupima risasi upya, kwa kuzipiga kwenye jelatini maalumu inayoiga nyama. Kipimo walichoweka ni kwamba risasi izame kati ya sentimita 30 na 46: pungufu ya hapo haifiki ndani, zaidi ya hapo inatoka upande wa pili. Walihamia kaliba kubwa zaidi, ikazaliwa .40 S&W (Smith & Wesson) mwaka 1990, na polisi wengi wakaifuata. Lakini vichwa vya risasi viliendelea kuboreshwa, na katikati ya miaka ya 2010 FBI walirudi kwenye 9mm. Kwenye jelatini tofauti kati ya kaliba kuu za bastola ilikuwa imekuwa ndogo, ilhali maofisa walipiga haraka na kwa usahihi zaidi kwa 9mm.

Hakuna risasi ya bastola inayomrusha mtu nyuma. Inayozuia shambulio ni ile iliyofika mahali pake. Kwa hiyo jibu langu kwa wengi ni 9mm Luger: msukumo wake unavumilika, magazini hubeba nyingi, na risasi za mazoezi hupatikana kirahisi kuliko za kaliba nyingine. Kwenye rivolva chagua .38 Special, kaliba ya tangu 1898 ambayo bado inafanya kazi yake. Yenye .357 Magnum hupiga pia .38, lakini yenye .38 kamwe haipigi .357.

Kwa nini risasi za kujilinda zina tundu kichwani?

Risasi ya mazoezi ina kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba. Haibadiliki umbo, hivyo ya 9mm mara nyingi hupita zaidi ya sentimita 60 za jelatini, maana yake inaweza kumtoka mshambuliaji na kumkuta mtu mwingine nyuma. Yenye tundu hufunguka inapokutana na majimaji ya mwili, huongezeka upana, na kusimama mapema. Vitani risasi zinazofunguka zilikatazwa na Azimio la Hague la 1899, lakini polisi wengi huzitumia kwa sababu ya kuwalinda wapita njia.

Pale sheria inapozikataza, tumia za kichwa cha mviringo na uzingatie mara mbili kilicho nyuma ya shabaha.

Namba 115, 124 na 147 kwenye boksi ni nini?

Ni uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni. Greni 115 ni kama gramu 7.5, 124 ni gramu 8, na 147 ni gramu 9.5. Nyepesi huenda kasi zaidi. Nzito huenda taratibu na kwa mtutu mfupi wengi huiona laini mkononi. Mimi ningeanza na 124, lakini bastola yako ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Alama ya +P ina maana gani?

Kwamba mgandamizo wa baruti ni mkubwa kuliko kawaida; kwa 9mm ni takriban asilimia 10 zaidi. Soma kitabu cha bastola yako. Kama hakitaji +P, usitumie, hasa kwenye rivolva kongwe. Hata pale inaporuhusiwa, faida yake ni ndogo kuliko mlio na msukumo inaouongeza.

Vipi kuhusu .22?

Ni kaliba nzuri sana ya kujifunzia. Kwa kujilinda ina udhaifu wa kuzaliwa: kiwashio chake kimepakwa kwenye ukingo wa ganda, na hugoma mara nyingi kuliko risasi zenye kiwashio cha katikati.

Risasi itapita ukuta wa nyumba?

Ukuta wa mbao nyepesi au jasi, ndiyo, pengine zaidi ya mmoja. Hilo ni kweli hata kwa zenye tundu, kwa sababu tundu huweza kuziba kwa vumbi la ukuta na risasi isifunguke. Tofali au zege hali ni tofauti, ila risasi inaweza kudunda. Kabla ya siku mbaya, tembea ndani ya nyumba yako mchana, simama pale ambapo ungejificha, na uangalie ukuta ulio mbele yako una kitanda cha nani upande wa pili. Kama ni cha mtoto, badilisha mahali pa kujificha leo.

Nitajuaje risasi zinakubaliana na bastola yangu?

Kwa kuzipiga. Bastola mpya ipitishie risasi 200 za mazoezi hivi, kisha angalau boksi mbili za risasi zilezile za kujilinda utakazoziweka humo, kwa kutumia kila magazini uliyonayo. Ikikwama hata mara moja kwa sababu isiyokuwa kosa la mkono wako, badilisha risasi au magazini na uanze kuhesabu upya. Ni gharama, najua. Ila hakuna njia nyingine ya kuiamini.

Risasi zilizojazwa upya na mtu binafsi ziache kwa mazoezi ya mwenye nazo.

## Kutunza

Niiweke wapi?

Kwenye kasiki ndogo la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, ambalo unaweza kulifungua gizani. Nunua kasiki kabla ya bastola. Chini ya mto, juu ya kabati na ndani ya droo si mahali pa kuficha. Watoto hupajua kote. Usitegemee kumkataza mtoto, wala kumfundisha. Kufuli ndiyo inayofanya kazi ukiwa hupo.

Mtu wa nyumbani akipatwa na msiba mzito, talaka au sonona, iondoe bastola nyumbani kwa njia inayoruhusiwa na sheria mpaka hali itulie.

Risasi hudumu muda gani?

Zikikaa pakavu na pasipo joto kali, miaka mingi. Usiziache garini.

Zilizo ndani ya bastola zina shida nyingine. Kila unapoitoa risasi kwenye chemba na kuirudisha, kichwa chake hugonga na kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua, mgandamizo hupanda, na bastola inaweza kupasuka. Isimamishe risasi hiyo mezani kando ya mpya kutoka boksi lilelile uzitazame kwa usawa wa macho. Ikiwa fupi hata kwa unene wa ukucha, usiipige. Hata zisipoonyesha dalili, badilisha za kujilinda kila mwaka: za zamani zipige mazoezini.

Nikiruhusiwa kuibeba, nahitaji nini?

Mkoba mgumu wa bastola (holster) unaofunika kifyatulio chote na kubaki wazi baada ya kuchomoa. Bastola isiyo na mkoba, kiunoni au mfukoni pamoja na funguo, ni ajali inayosubiri siku. Kurudisha bastola kwenye mkoba kufanywe polepole huku ukitazama, kwa kuwa kipande cha shati kikiingia kinaweza kuvuta kifyatulio.

## Mazoezi na mambo yasiyo ya kawaida

Nifanye mazoezi mara ngapi?

Mwezi mmoja bila kupiga unatosha kwa wengi kuanza kupoteza ustadi. Lakini mazoezi mengi yanaweza kuwa makavu: bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine, ukilenga ukuta imara na kuvuta kifyatulio bila vilengeo kutikisika. Dakika 10, kisha acha. Kabla ya kuijaza tena, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha.

Ukiwa uwanjani vaa vifunika masikio na miwani. Mlio wa bastola hufika desibeli 155 na kupita, ilhali 140 zinatosha kuharibu usikivu papo hapo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya risasi, yaani ile madini. Mjamzito akae mbali na uwanja: madini hiyo humfikia mtoto tumboni, na kelele pia.

Bastola ikikwama nifanyeje?

Kidole nje ya kifyatulio, mtutu mbele. Gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho uiachie, angalia tena. Hiyo huondoa matatizo mengi. Ikirudia, toa magazini na anza upya.

Mambo mawili yana utaratibu wake wakati wa mazoezi. Ukivuta na kusikia mlio mdogo kama wa kifuniko, simama hapohapo: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Usipige tena mpaka mtutu ukaguliwe. Na ukivuta isipige kabisa, endelea kuelekeza mtutu mahali salama kwa sekunde 30 kabla ya kuitoa, kwani nyingine huwaka kwa kuchelewa.

Nikilazimika kufyatua, nini kinafuata?

Hatari ikiisha, acha kupiga. Nenda salama, piga simu, omba polisi na gari la wagonjwa, sema ulipo na umevaa nini. Polisi wanapofika, bastola isiwe mkononi. Toa huduma ya kwanza ikiwa ni salama kufanya hivyo, hata kwa aliyekushambulia. Eleza kuwa ulishambuliwa, onyesha mashahidi na ushahidi, kisha omba wakili kabla ya maelezo marefu. Na utafute mtu wa kuzungumza naye siku zinazofuata. Usingizi hupotea hata kwa aliyekuwa na haki.

Mmiliki amefariki na bastola ipo nyumbani. Tufanye nini?

Leseni ni ya mtu, na kwa kawaida hairithiwi pamoja na silaha. Msiiguse wala kuitoa risasi kama hamjui. Fungeni chumba, pigieni simu kituo cha polisi au mamlaka ya leseni, elezeni hali na mwombe waje waichukue. Mrithi anayeitaka ataomba leseni yake mwenyewe huku ikiwa mikononi mwao. Msiitie kwenye begi mkaipeleka kituoni bila kutoa taarifa, kwa sababu njiani nyinyi ni watu mliobeba silaha isiyo yenu.